Ardhi ya Mbegani na Mikono Iliyoishika

Msafiri atokaye Bagamoyo mjini akishika njia ya kusini hupita Kaole, penye magofu ya misikiti na makaburi ya kale, kisha hufika Mbegani, mahali ambapo bahari imeingia ndani ya nchi na kufanya hori tulivu lenye mikoko. Hapo kuna majengo ya chuo cha uvuvi. Mbele kidogo, upande wa Mlingotini, wanawake hulima mwani wakati wa maji kupwa. Kwa macho ya mpita njia nchi hii ni moja. Katika vitabu vya sheria, lakini, ina wenyewe wengi: chuo ni cha wakala mmoja wa serikali, mikoko imo chini ya wakala wa pili, bandari iliyokusudiwa ni shughuli ya mamlaka ya tatu, na eneo la viwanda lililopangwa nyuma yake ni la mamlaka ya nne. Na wote wanne ni serikali.

Katika makala hii tunakusudia kufuatilia jinsi ardhi ya namna hii inavyopita kutoka chombo kimoja cha umma hadi kingine. Haiuzwi, wala hairithiwi. Hupita kwa sentensi moja ya sheria, ambayo wanasheria huiita kifungu cha uhamisho. Kwa desturi sentensi hiyo hukaa mwishoni mwa sheria, baada ya mambo ya bodi, mkurugenzi na hesabu, mahali ambapo msomaji hufika akiwa amekwisha kuchoka. Husema kwamba tangu siku fulani mali yote, haki zote, madeni yote na mikataba yote ya chombo kilichovunjwa itakuwa ya chombo kipya. Dai letu ni kwamba kifungu hicho huchukua kila kitu isipokuwa vitu viwili: lile lengo ambalo ardhi ilitengwa kwa ajili yake, na matumizi ya majirani ambayo hayakuandikwa popote. Vitu hivyo viwili huachwa njiani, na kwa sababu havikuwamo katika orodha, hakuna anayeulizwa vimekwenda wapi.

Sultani, kampuni na dola

Habari hii haikuanza na serikali tuliyo nayo. Kwa mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886, Sultani wa Zanzibar aliachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa alikubali kwamba Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki iutawale ukanda huo na kutoza ushuru kwa jina lake. Mwezi Agosti mwaka huo huo maofisa wa kampuni walipokuja kushika madaraka katika miji ya pwani, watu walikataa. Vita vilivyoongozwa na Bushiri bin Salim kwa upande wa Pangani na Bagamoyo vilikuwa na sababu nyingi, na hatuwezi kuvipunguza vikawa ugomvi wa ardhi peke yake. Hata hivyo yafaa tukumbuke kwamba mara hiyo moja wenyeji wa pwani walikijibu kifungu cha uhamisho kwa bunduki. Bushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889.

Kampuni ilikuwa imeshindwa, na dola ya Ujerumani ikalazimika kuiokoa. Mwaka 1890 Sultani alilipwa mark milioni 4 ili aachie kabisa madai yake ya bara, na tangu tarehe 1 Januari 1891 utawala ukatoka kwa kampuni ukaenda kwa dola, huku kampuni ikibakiziwa faida kadhaa za kiuchumi. Hivyo katika muda usiozidi miaka mitatu pwani ya Bagamoyo ilipita mikono mitatu: Sultani, kampuni, dola. Fedha zililipwa baina yao. Mwenye shamba la minazi hakuwa miongoni mwa waliolipwa, wala hakuwa miongoni mwa waliotia sahihi.

Kisha likaja tangazo la tarehe 26 Novemba 1895, ambalo liliifanya kila ardhi isiyo na mwenyewe kuwa ardhi ya Taji. Tangazo hilo halikuwa kali kwa maneno yake. Liliagiza wenyeji waachiwe ardhi ya kuwatosha, pamoja na nyongeza kwa ajili ya kizazi kijacho. Lakini mzigo wa kuthibitisha uliwekwa juu ya mwananchi. Mwenye hati alikuwa na neno la kusema. Mwenye mnazi uliopandwa na babu yake alikuwa na mnazi tu. Ardhi ambayo haikuthibitishwa ilikuwa ya serikali tangu mwanzo, kana kwamba haikupata kuwa ya mtu mwingine. Twaona hapa ule mlango ambao wote waliofuata waliutumia. Ardhi ikishahesabiwa kuwa ya serikali, kuihamisha kutoka ofisi moja hadi nyingine si kumnyang'anya mtu yeyote, bali ni kupanga vyombo ndani ya nyumba.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika na Shirikisho la Mataifa walikuta mlango huo umefunguliwa. Sheria yao ya Ardhi ya mwaka 1923 ilitangaza kwamba ardhi yote ya nchi ni ardhi ya umma, iliyo chini ya mamlaka ya Gavana, itumiwe kwa manufaa ya wenyeji. Marekebisho ya mwaka 1928 yaliingiza umiliki wa kimila ndani ya maana ya haki ya kutumia ardhi. Hilo halikuwa jambo dogo, ingawa wenyeji wa Meru walioondolewa Engare Nanyuki mwaka 1951, na Kirilo Japhet aliyekwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwasemea, wangeweza kutueleza kinga hiyo ilikuwa na uzito gani.

Mfano mmoja wa namna nyingine

Wakati ule ule ambapo ardhi ya Taji la Ujerumani ilikuwa inaingia mikononi mwa Waingereza, kulikuwa na mali nyingine iliyohamishwa kwa sheria, nayo yatuhusu sisi wa vyuo vya theolojia kwa karibu. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu chake cha 438, ulishughulikia mali za misheni za Kijerumani katika nchi zilizotekwa. Misheni za Berlin, Leipzig na Betheli zilikuwa na vituo, mashamba, shule na hospitali katika Tanganyika, na mashirika hayo yalikuwa ya adui. Ingekuwa rahisi kuzitia mali hizo katika mfuko mmoja na mashamba ya mkonge ya walowezi, ambayo yaliuzwa chini ya sheria za mali za adui.

Haikufanyika hivyo. Waandishi wa kifungu kile waliweka mambo mawili. Kwanza, mali itaendelea kutumika kwa kazi ya misheni, hata ile mali ya makampuni ya biashara ambayo faida yake ilikuwa ikitegemeza misheni. Pili, itakabidhiwa kwa bodi za wadhamini ambao watakuwa watu wa imani ile ile ya misheni iliyokuwa na mali. Mwenye kushika alibadilishwa, lakini lengo lilifungwa pamoja na mali kama chombo kilichotiwa alama. Hatusemi kwamba waandishi walikuwa watakatifu. Mkataba ule kwa ujumla wake ulikuwa mkataba wa washindi. Tena miaka ya vita na ile iliyofuata ilikuwa ya taabu kwa sharika zilizoachwa bila wachungaji wala fedha. Lakini vituo vile havikugeuka kuwa kitu kingine, na Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920 walikuta kazi ikiendelea, mahali pengi ikiwa mikononi mwa walimu na wazee Waafrika.

Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba kifungu cha uhamisho kwa asili yake hakiwezi kubeba lengo. Kiliwahi kubeba, na mkononi mwa watu waliokuwa na haraka na hasira.

Reli, bandari na mafao

Tukirudi kwenye vyombo vya serikali, mfano mkubwa kuliko yote katika eneo letu ni ule wa reli na bandari. Mwaka 1948 reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa chini ya utawala mmoja. Mwaka 1969, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, utawala huo uligawanywa kuwa mashirika mawili, la reli makao yake Nairobi na la bandari makao yake Dar es Salaam. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 kila nchi iliunda mashirika yake, na ya Tanzania yalikuwa Shirika la Reli na Mamlaka ya Bandari. Kugawana rasmi kulichukua miaka mingine 7 ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht, hadi makubaliano yaliyotiwa sahihi Arusha mwezi Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26.

Ardhi, kwa kuwa haihamishiki, ilibaki kwa nchi ilimokuwa. Mabishano yalihusu thamani yake. Lakini tuwatazame wafanyakazi wa Jumuiya ile. Mafao yao nayo yalikuwa katika hesabu za mgawanyo, na makubaliano ya 1984 yalikuwa yamezitaka nchi ziwalipe. Wastaafu wa Tanzania walilazimika kufungua shauri mahakamani mwaka 2003, wakaafikiana na serikali nje ya mahakama mwaka 2005, na hata baada ya hapo wengine waliendelea kudai. Uwanja wa bandari ulipata mwenyewe mpya mara moja. Mzee aliyeufanyia kazi alisubiri zaidi ya miaka 20.

Ile Mamlaka ya Bandari ya 1977 nayo ilikuja kuvunjwa kwa Sheria ya Bandari Na. 17 ya 2004, na mali zake zikawa za Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania. Reli ilisafiri mbali zaidi. Kwa sheria ya mwaka 2002 ardhi na njia zilikwenda kwa kampuni ya kumiliki rasilimali za reli iliyojulikana kama RAHCO, na kwa Sheria ya Reli Na. 10 ya 2017 zilirudi kwa Shirika la Reli lililofufuliwa kwa jina lake la zamani. Miaka 15 ya kwenda na kurudi, na tuta la reli halikusogea hata shubiri moja.

Chuo, wizara na wakala

Sasa tufike Mbegani penyewe. Katika miaka ya 1970 Norway ilikubali kugharimia kituo kikubwa cha kuendeleza uvuvi mahali hapa, na kazi hiyo ikaendelea katika miaka ya 1980. Lengo lilitajwa waziwazi: kuwafundisha Watanzania uvuvi wa baharini, uundaji na ufundi wa vyombo, na utunzaji wa samaki. Wanorwe wenyewe walibishana sana baadaye kama kituo hicho kilistahili gharama zake, kwa sababu kilijengwa kwa kipimo cha uvuvi wa viwanda hali wavuvi wa pwani hii walikuwa na ngalawa na mashua za tanga. Tunalikubali lawama hilo kwa sehemu. Lakini chuo kilibaki, na mabaharia na maofisa uvuvi wengi wa nchi hii walipita hapo.

Mwaka 2008 masuala ya uvuvi yalitoka Wizara ya Maliasili na Utalii yakaenda kwenye wizara ya mifugo, na Mbegani ikahama pamoja nayo pasipo jiwe kuguswa. Mwaka 2011 vyuo vya Mbegani na Nyegezi, pamoja na vituo vingine, viliunganishwa kuwa Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi chini ya Sheria ya Wakala za Serikali ya 1997. Mikoko nayo, ambayo Wajerumani walianza kuisimamia kama msitu wa serikali mwishoni mwa karne ya 19, ilipata mlezi mpya wakati huo huo, yaani Wakala wa Huduma za Misitu.

Msomaji atavumilia tukilitazama neno hili wakala kidogo. Latoka shina moja na wakili na uwakili, maneno ambayo mimbari zetu zimeyatumia kwa miaka mingi kumwambia Mkristo kwamba alicho nacho si chake, na kwamba atatoa hesabu kwa mwenye mali. Serikali ilipolichagua neno hili kwa vyombo vyake ililenga vizuri kuliko pengine ilivyojua. Lakini uwakili una pande tatu: mwenye mali, mshika mali, na wale ambao mali inatunzwa kwa faida yao. Kifungu cha uhamisho chamtaja mshika mali wa jana na mshika mali wa leo. Zile pande mbili nyingine hazimo.

Sheria mbili za 1999

Yawezekana mtu akasema kwamba sheria za ardhi zimekwisha kutibu jambo hili. Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, iliyoteuliwa mwaka 1991 na kutoa ripoti mwaka 1992, ilipendekeza mamlaka ya juu juu ya ardhi yatolewe mikononi mwa serikali kuu, sehemu yake iwe chini ya tume ya taifa na sehemu yake chini ya mikutano ya vijiji. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, zilibakiza kanuni ya kale: ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi.

Hata hivyo Sheria ya Vijiji iliweka jambo la kusifiwa. Ardhi ya kijiji haiwezi kugeuzwa kuwa ardhi ya jumla au ya hifadhi kimyakimya. Tangazo hutolewa katika Gazeti la Serikali, kijiji hupewa muda wa siku 90, wenye kuathirika husikilizwa, na eneo lisilozidi hekta 250 hutolewa au kukataliwa na mkutano wa kijiji wenyewe. Fidia hukubaliwa kabla ya ardhi kuhama.

Twaomba msomaji alinganishe. Hekta 10 zikitoka kijijini kwenda serikalini zinadai tangazo, siku 90 na mkutano. Hekta elfu kadhaa zikitoka mamlaka moja kwenda nyingine zinadai sentensi moja. Na mtu anayekaa kando ya hizo hekta elfu, anayeleta mashua yake katika hori lile lile tangu utoto wake, sheria inamtambua katika tukio la kwanza na haimwoni katika la pili. Tofauti haitokani na madhara atakayoyapata, ambayo yaweza kuwa yale yale. Inatokana na rangi ya ardhi katika ramani.

Bandari iliyosubiriwa

Mambo hayo yote yalikutana Mbegani baada ya mwaka 2013. Mamlaka ya Maeneo Huru ya Uzalishaji kwa ajili ya Mauzo ya Nje, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilikuwa tayari imepanga eneo maalumu la uchumi la Bagamoyo, lililotajwa kuwa na takriban hekta 9,800, na uthamini wa mashamba ulikuwa umeanza katika vijiji kama Zinga na Mlingotini. Mwezi Machi 2013, wakati wa ziara ya Rais Xi Jinping, makubaliano ya awali ya kujenga bandari kubwa yalitiwa sahihi na kampuni ya China Merchants. Mfuko wa serikali ya Oman ulikuja kuwa mshirika wa tatu. Mahali palipotajwa ni Mbegani. Rais Kikwete aliweka jiwe la msingi tarehe 16 Oktoba 2015. Mwaka 2019 Rais Magufuli alieleza hadharani kwa nini hakuyakubali masharti ya mwekezaji, likiwamo la kukodishwa kwa miaka 99, na kazi ikasimama. Mwaka 2021 Rais Samia alitangaza kwamba mazungumzo yatafufuliwa.

Mjadala wa taifa katika miaka hiyo ulihusu mgeni: anataka nini, kwa muda gani, kwa bei gani. Ulikuwa mjadala wa haki. Lakini uliacha swali la ndani bila kuguswa, yaani serikali kwa serikali. Mkulima aliyethaminiwa minazi yake na chombo kimoja, akazuiwa kuendeleza shamba, akasubiri malipo mwaka baada ya mwaka, alikuwa anadai kwa nani ikiwa chombo hicho kingeunganishwa na kingine kabla hajalipwa? Kisheria jibu ni rahisi: deni huhama pamoja na mali. Wastaafu wa Jumuiya nao walikuwa na jibu hilo hilo mkononi.

Na muungano huo umekwisha kutokea. Kwa sheria ya mwaka 2025 mamlaka ile ya maeneo huru iliunganishwa na Kituo cha Uwekezaji, na tangu Julai mwaka huo pana mamlaka moja ya uwekezaji na maeneo maalumu ya kiuchumi. Ardhi, haki na madeni vimehama tena, safari hii kwa nia njema ya kumwondolea mwekezaji usumbufu wa kubisha hodi milango miwili. Chuo cha uvuvi kingali kinafundisha.

Kuna jambo moja jipya ambalo twaliona kuwa kubwa kuliko linavyodhaniwa. Kwa karibu miaka 60 baada ya uhuru sheria zetu ziliandikwa kwa Kiingereza, hata zile zilizohamisha pwani ya Waswahili. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na sheria za zamani ziko katika kutafsiriwa. Mfasiri akifika kwenye kifungu cha uhamisho atakutana na neno la Kiingereza ambalo asili yake ni ya Kilatini, maana yake kumvika mtu vazi: mali yavikwa chombo kipya kama joho. Kiswahili hakina neno moja la jambo hilo. Mfasiri akiandika kwamba ardhi itamilikiwa na mamlaka mpya, atakuwa amesema jambo moja. Akiandika kwamba itakuwa amana mikononi mwake, atakuwa amesema jingine, kwa maana kila mtu wa pwani ajua kwamba amana ina mwenyewe, na ajua pia kwamba mtu huulizwa, anapoipokea, ni ya nani na ni ya kazi gani.